Sumi-hajiki: jinsi ya kuacha mistari myeupe kwenye sahani ya kauri kwa wino unaoungua

Ukitazama sahani za buluu na nyeupe za Arita, mji mdogo wa mkoa wa Saga katika kisiwa cha Kyushu, utadhani mistari myembamba myeupe iliyomo ndani ya buluu imechorwa kwa rangi nyeupe. Haikuchorwa hivyo. Weupe ule ni mwili wa sahani yenyewe. Fundi aliufunika kwa wino mweusi, akapitisha buluu juu yake, kisha akauunguza ule wino tanurini. Ufundi huu unaitwa sumi-hajiki. Hapa tunaeleza namna ya kuufanya kwenye sahani ya sentimita 20, kuanzia udongo mpaka moto wa mwisho.

Mapokeo ya Arita yanasema jiwe la kauri lilipatikana katika mlima wa Izumiyama mwaka 1616, na anayepewa sifa hiyo ni mfinyanzi Mkorea, Ri Sampei. Sumi-hajiki ilisitawi katika vyombo vya Nabeshima, vilivyotengenezwa kijiji cha Okawachi kwa ajili ya mtawala wa eneo na kwa zawadi za kumpelekea shogun (mtawala mkuu wa kijeshi wa Japani), si kwa soko. Huko ilikuwa kazi ya kujaza mandhari: mawimbi madogo nyuma ya maua, ambayo mtazamaji huyapita bila kuyaona. Ukoo wa Imaizumi, uliokuwa ukipaka rangi vyombo hivyo, ndio umeifikisha mbali zaidi katika zama zetu. Imaizumi Imaemon wa 14, aliyerithi jina hilo mwaka 2002 na kutangazwa Hazina Hai ya Taifa, heshima ya serikali ya Japani kwa mafundi, mwaka 2014, aliichukua kazi hiyo ya nyuma akaifanya kuwa picha yenyewe, kwa maua ya theluji yanayofunika chombo kizima. Anayetaka kuielewa kauri ya kisasa ya Japani aanzie hapa, kwa sababu upya wake umetoka ndani ya hatua zilezile za zamani.

Udongo na umbo

Udongo wa Arita siku hizi hutoka kwa kiasi kikubwa kwenye jiwe la visiwa vya Amakusa, mkoa wa Kumamoto. Jiwe hilo likipondwa, likasagwa na kuoshwa, linatosha lenyewe kuwa udongo wa kauri, kwa kuwa lina kwazi na mika laini kwa pamoja. Kaolini tupu, yaani udongo mweupe wa kauri, mfano ile ya vilima vya Pugu nje ya Dar es Salaam, haiwezi kufanya hivyo kwa sababu haikazi na kuwa kioo bila kusaidiwa. Huchanganywa na madini mengine, na uwiano unaojulikana sana ni kaolini 50, feldspari ya potasi 25 na kwazi 25 kwa uzito. Ukinunua udongo uliokwisha kutayarishwa, hakikisha ni wa kuchomwa kati ya nyuzijoto 1280 na 1300 za Selsiasi.

Kauri husinyaa sana, takriban asilimia 13 tangu ikiwa mbichi mpaka itoke moto wa mwisho. Sahani ya sentimita 20 hufinyangwa ikiwa na sentimita 23. Pima udongo kilo 1.2, uukande mpaka usibaki na hewa, kisha uusimamishe kwenye gurudumu. Kitovu cha sahani kikandamizwe kwa kibao cha mbao mara nyingi, kutoka katikati kwenda nje na kurudi. Hapa ndipo wengi hupoteza sahani bila kujua: chembe za udongo ambazo hazikukandamizwa husinyaa zaidi ya za pembeni, na siku ya mwisho unakuta ufa wenye umbo la S katikati. Ufa huo ulizaliwa kwenye gurudumu. Kuulaumu moto ni kulaumu asiyehusika.

Udongo ukikauka nusu, yaani kidole hakiachi alama ila ukucha unakwaruza, geuza sahani uchonge kitako. Kipenyo cha kitako kizidi nusu ya sahani. Kwa hii yetu, sentimita 12 zinafaa. Acha unene wa milimita 5 katikati na milimita 3 au 4 ukingoni. Kauri hulainika kabisa katika joto la juu, kwa hiyo kitako chembamba chenye ukingo mpana huifanya sahani ilegee pembeni. Mafundi wa zamani wa Arita waliziegemeza sahani kubwa kwa vijiti vidogo vya udongo uleule chini ya kitako, ili visinyae pamoja nazo. Alama za vijiti hivyo zinaonekana hadi leo nyuma ya sahani za kale. Kausha polepole, siku nne au tano, sahani ikiwa imefunikwa kwa karatasi ya plastiki siku mbili za mwanzo.

Uchomaji wa kwanza

Choma hadi nyuzi 880 au 900, kwa saa nane hivi, ukipita polepole chini ya nyuzi 300 ili maji yaliyobaki yatoke bila kupasua. Lengo ni sahani ngumu kiasi cha kushikika lakini yenye kiu ya maji. Kiu hiyo ndiyo itakayofanya kazi yote inayofuata, basi ipime: dondosha tone la maji. Likinywewa ndani ya sekunde mbili au tatu, uko sawa. Likikaa juu sekunde kumi, umechoma kupita kiasi na buluu itateleza. Likizama papo hapo huku uso ukiacha unga kidoleni, moto ulikuwa mdogo, na wino utazama kiasi kwamba mistari itatanuka.

Lainisha uso kwa msasa wa namba 400 ukiwa umelowa maji, maana vumbi kavu la kauri lina kwazi inayoharibu mapafu. Futa kwa sponji safi, uache sahani ikauke kabisa. Kuanzia sasa ishike ukingoni na kwenye kitako tu. Jasho na mafuta ya vidole hukataa rangi kama wino unavyokataa, na alama ya dole gumba itatokea wazi katikati ya buluu.

Wino

Wino wa sumi ni masizi ya moshi yaliyoshikanishwa kwa gundi ya wanyama. Masizi yanakuonyesha unachochora. Gundi ndiyo inayozuia. Ikikauka kwenye uso wenye vitundu, huviziba, na maji ya rangi yakipita juu yake hayanywewi. Ukishika jambo hilo moja, makosa mengi utayatatua mwenyewe.

Tumia kijiti cha wino kinachosuguliwa kwenye jiwe lake. Weka matone machache ya maji usugue taratibu kwa dakika kumi hadi kumi na tano, mpaka wino uwe mzito na mstari wake uonyeshe mng'ao kidogo ukikauka. Wino mwepesi wa kijivu unapendeza kwenye karatasi, ila hapa hauna gundi ya kutosha. Wino wa chupa unaweza kufaa au usifae, kwa kuwa baadhi yake hauna gundi ya asili. Ujaribu kwanza kwenye kigae kilichochomwa pamoja na sahani. Sugua wino mpya kila siku. Gundi huoza, na mahali penye joto huoza haraka zaidi: wino uliolala usiku kucha unaonekana mweusi vilevile, lakini nguvu ya kuzuia imekwisha.

Mchoro wa kuongozea uchore kwa mkaa laini. Arita hutumia mkaa wa kibuyu kwenye karatasi nyembamba ya washi, kisha huisugua karatasi juu ya chombo ili alama zihamie. Mchoro mmoja hutumika tena na tena. Mkaa huo huungua wote bila kuacha kitu. Epuka penseli ngumu, kwani hukwaruza uso na alama yake inaweza kuizuia buluu mahali usipotaka.

Kwa mara ya kwanza chagua mawimbi ya seigaiha, yale matao yanayopandana kwa safu. Gawa ukanda wa sahani kwa matao ya sentimita 2, na ndani ya kila tao chora mengine mawili madogo. Kumbuka kwamba unachokichora kwa wino ndicho kitakachokuwa cheupe. Mkono uliozoea kuchora kwa buluu huchanganyikiwa na kuanza kujaza nafasi zisizo zake, kwa hiyo weka kigae cha mfano mbele yako. Tumia brashi nyembamba yenye ncha ndefu, tao moja kwa mkupuo mmoja, kutoka kushoto kwenda kulia, huku mkono mwingine ukizungusha sahani. Ukisita katikati, wino hujikusanya na kuacha nundu.

Mstari uwe na upana wa milimita 1 hivi. Chini ya nusu milimita utapotea, kwa sababu sahani bado itasinyaa na buluu itatambaa kidogo chini ya glezi (utando wa kioo unaofunika sahani mwishoni), ikila kingo za mstari pande zote mbili. Sehemu pana, kama petali nzima, zipake mara mbili, mkono wa pili baada ya wa kwanza kukauka. Acha nusu saa kabla ya kuendelea.

Buluu

Rangi inaitwa gosu: kobalti iliyochanganyika na chuma na manganizi. Mchanganyiko huo ndio unaoipa Arita buluu tulivu yenye ukijivu. Kobalti tupu hutoa buluu kali inayopiga kelele kwenye sahani, kwa hiyo nunua unga wa gosu uliotayarishwa. Vaa glavu na barakoa unapoushughulikia ukiwa mkavu, na vifaa vyake visirudi jikoni.

Chukua gramu 20 za unga, uusage kwenye kinu kidogo cha kauri pamoja na chai ya kijani iliyopikwa ikawa kali na kupoa. Chai ni desturi ya kazi hii na ina sababu yake: tanini iliyomo, ile inayoipa chai ukakasi, huifanya rangi ienee vizuri na kushika uso. Saga angalau saa moja. Rangi yenye chembechembe huacha vidoa vyeusi, na hakuna brashi itakayoviondoa. Halafu tengeneza vikombe vitatu vya mchanganyiko: mzito wa kuchorea mistari, wa kati wenye chai mara tatu ya rangi, na mwepesi wenye chai mara kumi. Kabla ya kuigusa sahani, paka vyote vitatu kwenye kigae na ukichome mpaka mwisho. Gosu mbichi ni ya kijivu cheusi na haikuambii lolote kuhusu buluu itakayotoka. Rangi inayoonekana nzuri kwa jicho kabla ya moto karibu kila mara huwa nzito mno.

Upakaji wenyewe unaitwa dami, na tangu zamani katika Arita ulikuwa kazi ya wanawake. Brashi yake ni nene, yenye tumbo la kubeba rangi nyingi na ncha kali. Ijaze, inamishe sahani, gusisha ncha tu, na uache rangi itoke na kutengeneza kidimbwi kidogo. Kidimbwi ndicho kinachopaka. Brashi inakiongoza bila kusugua. Ukibana manyoya kwa vidole, rangi zaidi inashuka. Ukilegeza, brashi inafyonza iliyozidi. Anza ukingo wa juu wa eneo ushuke nalo, ukihakikisha mbele ya kidimbwi hapakauki. Pakikauka, utaona mstari mzito kama wa pwani pale maji yalipokomea. Usirudie kupaka ili kusahihisha, kwani safu ya pili huacha doa lililo wazi kuliko kosa la kwanza.

Rangi ikipita juu ya wino utaiona ikijikusanya na kukimbilia pembeni. Matone machache yakibaki juu ya mistari mipana, yanyonye kwa ncha ya brashi kavu. Usiyafute kwa kitambaa, maana utaivuta buluu kutoka nje kuja ndani. Wino ukinywa rangi badala ya kuikataa, sababu ni mojawapo kati ya hizi: ulikuwa mwepesi, gundi imeoza, au haukukauka. Hapo suuza sahani yote kwa maji, ikauke, uichome tena nyuzi 900, na uanze upya. Itabaki kivuli kidogo cha kobalti, hivyo ifanye sahani ya mazoezi.

Kuuunguza wino

Wanaojifunza hupenda kuruka hatua hii ili kuokoa gesi, na hapo ndipo kazi inapoharibika. Wino uliokataa buluu utaikataa na glezi pia. Ukichovya sahani ikiwa na wino, mistari yako itatoka mikavu, isiyo na utando wa kioo, huku glezi ikiwa imejikunja pembeni.

Choma tena hadi nyuzi 850. Acha matundu ya tanuri wazi na usibane vyombo, kwa sababu masizi huhitaji hewa nyingi ili yaishe; bila hewa hubaki kijivu hafifu ndani ya udongo, na kijivu hicho kinaweza kufungiwa chini ya glezi. Sahani ikipoa, mistari iwe myeupe safi. Puliza uso, kisha pitisha brashi laini kavu kuondoa chembe za buluu zilizokaa juu ya wino na sasa hazina kilichozishika. Zilizogoma zikwangue kwa ncha ya sindano. Huu pia ndio wakati wa kuongeza mistari ya buluu nzito, mishipa ya majani kwa mfano, kwa kile kikombe cha kwanza.

Glezi

Mapishi ya kuanzia, kwa uzito: feldspari ya potasi 40, kwazi 30, chokaa ya unga (kalisi kaboneti) 20, kaolini 10. Arita ya zamani ilipata chokaa yake kutoka majivu ya mti wa isu, yanayothaminiwa kwa kuwa na chuma kidogo. Kilo moja ya unga iingie katika takriban lita moja ya maji, ichekechwe mara mbili kwa chekecho la matundu 100 kwa inchi. Pima: lita moja ya glezi iwe na uzito wa kilo 1.40 hadi 1.45.

Futa sahani kwa sponji iliyokamuliwa sana, subiri dakika chache, kisha ichovye kwa sekunde mbili au tatu na kuitoa kwa mwendo mmoja. Pima unene kwa kuchoma sindano mahali pasipoonekana: nusu milimita inatosha. Glezi nene huifanya buluu ififie nyuma ya ukungu na kingo za mistari zitambae. Glezi nyembamba mno juu ya gosu nzito huacha sehemu nyeusi, kavu, zenye kukwaruza. Kitako kifutwe kabisa, milimita 2 kupanda juu, la sivyo sahani itagandamana na rafu. Rafu yenyewe ipakwe unga wa alumina uliochanganywa na maji.

Moto mkubwa

Tanuri la gesi ndilo linalotoa weupe wenye ubuluu wa Arita. Panda hadi nyuzi 950 kwa hewa ya kutosha, ukae hapo nusu saa ili kila kinachoungua kiishe. Kisha bana hewa kwa kusukuma kibao cha dohani mpaka ulimi wa moto wa urefu wa kiganja utoke kwenye tundu la kuchungulia. Katika moto ulionyimwa hewa, chuma kidogo kilichomo kwenye udongo na glezi hubadilika na kutoa ubuluu. Kikipata hewa hutoa umanjano. Ukichelewa kubana, glezi ikianza kuyeyuka itaufungia umanjano ndani. Ukibana kwa nguvu kupita kiasi, itafungia moshi. Endelea hivyo kwa nyuzi 70 au 80 kwa saa hadi 1250, legeza kidogo, ufike 1290 au 1300, ushikilie dakika 20 mpaka koni namba 10 (kipande kidogo cha kupimia joto tanurini) iiname. Moto wa namna hii hutoa gesi ya sumu isiyo na harufu: tanuri liwe nje au mahali penye upepo unaopita. Fungua likishuka chini ya nyuzi 100, si kabla.

Mwenye tanuri la umeme asikate tamaa. Mistari itatoka vilevile. Tofauti ni kwamba weupe utaelekea kwenye maziwa.

Nyeupe juu ya nyeupe

Ukishaimudu buluu, jaribu hatua aliyoiendeleza Imaemon wa 14. Badala ya gosu juu ya wino, pitisha uji mwepesi wa udongo mweupe kuliko mwili wa sahani, uliochekechwa vizuri na kupakwa mwembamba kama karatasi. Wino huukataa uji kama unavyoikataa rangi. Baada ya kuuunguza, mistari hubaki chini kidogo na weupe wake ni tofauti kidogo na unaouzunguka. Safu nene hubanduka, kwa sababu uji wenye maji mengi husinyaa kuliko sahani iliyokwisha kuchomwa. Ongeza tabaka la pili jembamba ukihitaji, usianze na moja zito. Glezi hapa iwe nyembamba kuliko ya kawaida, la sivyo itajaza mashimo na mchoro utaonekana kwa mwanga wa pembeni tu.

Fundi huyo huongeza pia platinamu juu ya glezi, sambamba na rangi za kawaida za Arita: nyekundu ya chuma, kijani, manjano. Rangi za juu ya glezi huchomwa kando, karibu nyuzi 800, na madini ya thamani hufuata kwa moto mdogo zaidi. Fuata joto lililoandikwa kwenye chupa, paka mara moja tu kwenye glezi safi iliyofutwa kwa spiriti, na uache mlango wa tanuri wazi kidogo hadi nyuzi 400 ili mafuta yake yaishe. Baadhi ya rangi hizo zina risasi, kwa hiyo zikae ukingoni au nyuma, mbali na chakula, na sahani yenye platinamu isiingizwe kwenye maikrowevu.